Choreni mpaka wa mji kabla eka hazijesha: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ardhi Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi na maendeleo ya makaazi, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, watendaji wa Kamisheni ya Ardhi, pamoja na mameya na madiwani wa Mkoa wa Mjini Magharibi.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, nakuandikieni juu ya jambo moja. Mji wa Unguja unakula mashamba bora ya kisiwa hiki, na hakuna mstari wowote ardhini unaouambia usimame hapa. Ramani tunazo, mikakati tunayo, sheria tunazo. Mstari ndio hatuna. Ombi langu ni kwamba mpaka wa mji uchorwe kwa sheria na utangazwe shehia kwa shehia (ndiyo mitaa na vijiji vyetu, kila mmoja na sheha wake anayeuongoza), na mwenye shamba atakayebaki nje ya mpaka huo apewe sababu ya kuendelea kuwa mkulima. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Mkifanya la kwanza mkaacha la pili, mpaka utavunjwa usiku. Mkifanya la pili mkaacha la kwanza, fedha itapotea.

Mimi nilikuwa bibi shamba. Kazi yangu ilikuwa kupita mashambani upande wa Dole, Kizimbani, Mwera na Kianga, na wakati mwengine kushuka mabondeni kwenye mpunga, nikizungumza na wakulima juu ya mbegu, mbolea na maradhi ya migomba. Nimestaafu, lakini njia zile nazijua bado, na wakulima wale nawajua kwa majina. Ndiyo maana naona nina haki ya kusema.

Mwenye kuujua udongo wa Unguja anajua kuwa haukugawanywa sawa. Ukitoka Makunduchi ukaja Jambiani, Paje na Bwejuu, ukapanda Chwaka hadi Matemwe, unakanyaga maweni na uwanda: jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo mchache, mahala pengine haufiki kina cha kiganja. Watu wa huko wamelima vizazi na vizazi kwa ustadi mkubwa, wakitafuta mashimo baina ya mawe ili wachomeke muhogo na mtama, lakini jiwe ni jiwe. Ardhi yenye kina iko magharibi na kati ya kisiwa. Huko ndiko kwenye kinongo, yaani udongo mwekundu wenye kina, na kichanga, na baina ya vilima muna mabonde ya kinamo yanayoshika maji, ndimo tunamopanda mpunga. Mikarafuu na minazi ya karne ya 19 ilipandwa upande huo kwa sababu hiyo hiyo. Na mji nao, kwa kuwa bandari iko magharibi, umekaa ukingoni mwa ardhi hiyo hiyo. Kila mji unapopiga hatua moja kuelekea mashariki, hatua hiyo inakanyaga udongo ambao Unguja haina mwengine wa kuubadilisha.

Sasa tazameni hesabu, ambazo ni za Serikali yenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo idadi ya watu inakuwa mara mbili katika miaka 19 hivi. Visiwa vyetu vyote vina kilomita za mraba 2,654 tu, kwa hivyo tumeshapita wastani wa watu 700 kwa kila kilomita ya mraba. Mkoa wa Mjini Magharibi, ambao ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ardhi yote, ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012 na ukafika 893,169 mwaka 2022. Nusu ya watu wote walioongezeka Zanzibar katika muongo ule wameongezeka katika mkoa huo mmoja.

Nimepiga hesabu yangu ya mkono, na nawaomba wataalamu wenu waipige upya kwa vipimo vyao. Tuseme hao watu laki tatu wanakaa watano watano kwa nyumba, na kila nyumba imekaa kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hizo ni nyumba elfu sitini, na viwanja vyao peke yake ni kilomita za mraba 24. Ukizigeuza kuwa mashamba ya eka tatu tatu, ni karibu mashamba elfu mbili. Hapo sijaweka barabara, skuli, msikiti, duka wala uwanja wa mpira. Muongo huu tuliomo, kama kasi ni ile ile na tunajenga vile vile, tutahitaji zaidi ya hapo.

Wapangaji hatukuwahi kuwakosa. Lanchester aliupanga mji huu mwaka 1923. Kendall akaja na mpango wake mwaka 1958. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, wakaja Wajerumani Mashariki, na kutokana na fikra za zama zile tukapata majumba ya Michenzani. Mwaka 1982 Wachina wakatuandalia mpango mkuu wa mji. Mwaka 1995 tukapata mpango wa matumizi ya ardhi wa visiwa vyote, na katikati ya miaka ya 2010 ukaandaliwa mkakati mpya wa kitaifa wa maendeleo ya ardhi. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) na Benki ya Dunia walianza kurusha droni juu ya Unguja na Pemba wakipiga picha paa kwa paa. Nchi chache sana za Afrika zimejitazama kwa karibu namna ile, na vijana walioifanya kazi hiyo ni watoto wetu wenyewe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, na mali inapotea tukiwa na habari zake kamili, kwa picha za rangi.

Sababu, kwa ninavyoona mimi, ni kuwa kila mpango ulieleza mji uweje ndani, na mipango ya nchi nzima ikaeleza wapi pawe kilimo na wapi pawe makaazi, lakini hakuna iliyomfikia sheha kama mstari anaoweza kumuonesha mtu kwa kidole. Muulizeni sheha yeyote wa pembezoni mwa mji: kilimo kinaanzia wapi katika shehia yako? Hana karatasi ya kukujibu. Na kila siku analetewa makaratasi ya mauziano ayagongee muhuri.

Hapo ndipo inapokuja habari ya eka, na hapa nawaombeni mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndio moyo wa barua hii.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya umma, na Serikali ya Mzee Karume ikawagawia wananchi eka tatu tatu. Ugawaji uliendelea hadi miaka ya mwanzo ya 1970, na zaidi ya familia elfu ishirini zilipata. Mtu aliyekuwa akilima shamba la bwana, mnazi si wake na mkarafuu si wake, akapewa ardhi ailime na awaachie wanawe. Eka ilitolewa kwa masharti ya kilimo. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 imeendelea na msingi ule ule kuwa ardhi ni ya umma na mtu anapewa haki ya kuitumia. Kwa maandishi, basi, eka haikatwi viwanja hivi hivi. Kwa vitendo, nendeni mkaone.

Karibuni nilisimama kwenye eka moja upande wa Kianga ninayoijua tangu ikiwa na migomba, minazi na shamba la viazi vitamu. Minazi ilikuwa imeshalazwa, mashina yake yamepasuliwa mbao za kumimina zege. Vigingi vimepigwa pembe nne nne, kamba ya nailoni imezungushwa, na kwenye kila kiwanja muna kijiwe kilichoandikwa nambari kwa rangi. Kijana alikuwa akichimba karo la choo. Alikuwa ameshazama hadi mabegani na bado anatoa udongo mwekundu, laini, wenye mizizi ya mishelisheli ndani yake, na kila beleshi analolirusha linaangukia kwenye rundo linalosubiri gari ya kifusi. Udongo wa kina kile, wenye kushika maji bila ya kutuama, wakulima wa Jambiani wangeuchukua kwa makapu vichwani. Na kutoka kwenye karo lile hadi kisima cha jirani si mbali. Naweza kupiga kelele huku nikasikika kule.

Mwenye eka ni mzee wangu, namheshimu. Aliniona ninavyotazama akaniambia, "Mwanangu, nina watoto saba na muhogo haujapata kujenga nyumba hata moja." Nilimuitikia, kwa sababu ni kweli. Eka tatu ni mita za mraba elfu kumi na mbili na kidogo. Ukiacha vichochoro, unapata viwanja ishirini na tano hivi vya mita 20 kwa 20. Dalali anakuja na fedha ya kiwanja kimoja mkononi, na fedha hiyo mkulima haioni kwa misimu mingi ya kuvuna. Bomba la maji ya kumwagilia halijafika. Njia ya kutolea mazao, masika inakuwa tope. Soko ni la yule anayekuja na gari na bei yake. Mtoto wake yuko mjini anaendesha bodaboda na hataki jembe. Halafu mumwambie mzee huyo asikate eka kwa kuwa taifa linahitaji chakula? Taifa limempa nini la kumfanya asikate?

Kwa hivyo nakuombeni msije mkaanza na tingatinga. Anayevunjiwa nyumba huwa ni yule aliyenunua kiwanja cha mwisho, mwalimu au muuguzi aliyeweka akiba yake akaandikiwa karatasi na kugongewa muhuri akidhani mambo yake ni halali. Dalali ameshaondoka.

Walio mbali na sisi wamelipitia jambo hili, na tunaweza kujifunza mazuri yao na makosa yao. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1973, wakati wa Gavana Tom McCall, iliyolazimisha kila mji katika jimbo zima kuchora mpaka wa ukuaji wake. Ndani ya mpaka unajenga, nje ni mashamba na misitu. Mpaka haukufanywa ukuta wa milele. Mji unatakiwa uwe na ardhi ya kutosha mahitaji ya makaazi ya miaka 20, na ukipungukiwa mpaka unasogezwa kwa utaratibu, mchana, watu wakiwa wamesikilizwa. Ukilipita bonde la Willamette leo unakuta mji unakoma na shamba linaanza, kama ilivyoandikwa.

Lakini wenye ardhi walioachwa nje ya mstari walinung'unika miaka mingi kuwa wao ndio wanaolipia faida ya wote. Mwaka 2004 wakaenda kwenye kura ya wananchi wakashinda, sheria ikapasuka: ama ulipwe fidia, ama uruhusiwe kujenga. Madai yakamiminika. Mwaka 2007 ikabidi kura nyengine ipigwe kuyapunguza. Yote hayo yangeweza kuepukwa kama suala la mkulima lingekuwemo ndani ya sheria tangu siku ya kwanza. New Jersey walilitia suala hilo mapema kwenye eneo lao la Pinelands, ambako sheria ya jimbo ya mwaka 1979 ilisimamisha ujenzi holela kwenye misitu ya misonobari na mashamba. Mwenye shamba kule alipewa stakabadhi za haki ya kujenga ambazo hawezi kuzitumia shambani kwake, ila anaweza kumuuzia mjenzi anayetaka kujenga nyumba nyingi zaidi kwenye maeneo yaliyotengwa kwa ukuaji. Fedha ya ghorofa inarudi shambani. Shamba linabaki shamba, na mwenyewe anapata chake bila ya Serikali kutoa yote mfukoni.

Hili la stakabadhi ndilo ninaloomba mlitazame kwa uzito kabisa. Mji wa Unguja una wawekezaji wanaojenga maghorofa Fumba, Mombasa ya hapa Unguja, Kiembesamaki na Mazizini. Kila anayeomba kuongeza ghorofa juu ya kiwango cha kawaida anunue haki hiyo kutoka kwa mwenye eka wa Dole au Mwera, kupitia Kamisheni ya Ardhi, na eka ile iandikwe katika daftari kuwa ni shamba, haitakatwa tena, arithi nani na arithi nani. Mzee wangu wa Kianga angeweza kusomesha watoto wake kwa njia hiyo na bado akalala akisikia minazi yake. Wanasheria watasema lina ugumu. Nakubali lina ugumu. Kupanua mji juu ya kinongo chote cha Unguja kuna ugumu mkubwa zaidi, na huo hauna wa kuurekebisha.

Maji ni jambo jengine, na hapa sitasema mengi kwa kuwa wahandisi wenu wanajua kuliko mimi. Tangu zama za Sayyid Barghash, mji unakunywa maji yanayotoka chini ya ardhi ya upande huu huu wa magharibi, kwenye chemchemi za Mtoni na Bububu. Mvua ya masika inazama kwenye mashamba na kwenye msitu wa Masingini, inachujwa, inatufikia. Tukiezeka mabati na kumwaga zege juu ya ardhi ile, na kila nyumba ikachimba karo lake, tunakata mvua isizame na tunachanganya kilichobaki na uchafu. Maji yasiyozama nayo yanaenda yanakojua. Watu wa Mwanakwerekwe wanakumbuka misimu ambayo bwawa lao lilifura likafunga barabara na kuingia majumbani, mpaka Serikali ikatumia fedha nyingi za mkopo kujenga mitaro mikubwa. Mashamba yaliyokuwa juu ya mji yalikuwa yakiifanya kazi ya mitaro ile bure.

Najua swali linalokuja: watu waende wapi? Vijana wanaoa, wanataka nyumba, na hawawezi kuambiwa wangoje. Swali hilo ni la haki, na mpaka wa mji usio na jibu lake ni dhulma.

Jibu la kwanza liko ndani ya mji wenyewe. Michenzani imesimama zaidi ya nusu karne, watu wamezaliwa mule, wameolewa mule, na leo wajukuu wanapanda ngazi zile zile. Kwa hivyo anayesema Mzanzibari hawezi kukaa ghorofani hajatazama nyuma yake. Nyumba za Shirika la Nyumba zikijengwa kwa bei ya mwalimu na askari, watu watazijaza. Upande wa mji unaoitwa Ng'ambo una mitaa mizima ya nyumba za chini chini, zenye huduma zote za barabara, umeme na maji, ambazo wenyewe wangependa kuzipandisha juu lakini hawana mkopo wa kuaminika wala kibali kinachotoka kwa wakati. Wapeni hivyo viwili. Kila ghorofa moja inayoongezwa Kikwajuni au Kwahani ni kiwanja kimoja kisichokatwa Dole.

Jibu la pili ni kujenga kwenye jiwe. Rasi ya Fumba ni maweni, na kuupeleka mji mpya kule kuliko kuuleta Kizimbani ulikuwa uamuzi sahihi. Nausema wazi, kwa kuwa jema nalo lisemwe. Ila na maweni yasifanywe jaa la kila kitu. Juu ya jiwe hilo hilo ndipo ulipo msitu wa Jozani, Hifadhi ya Taifa tangu 2004, ambako anaishi kima punju asiyepatikana kokote duniani isipokuwa Zanzibar. Ndipo ulipo msitu wa Kiwengwa na Pongwe. Na maji ya chini yake ni utando mwembamba tu juu ya maji ya bahari: mahoteli yakivuta sana, kisima cha mwanakijiji kinatoa maji ya chumvi, kama watu wa Paje na Jambiani wanavyojua. Mpaka ninaouomba kwa mji, basi, uwe na ndugu yake kwenye fukwe za mashariki, unaosema hoteli zinaishia wapi na kijiji kinapumulia wapi.

Wapo watakaosema kuwa uchumi wetu sasa ni utalii na Uchumi wa Buluu, na kilimo ni mambo ya zamani. Mwaka 2024 tulipokea watalii zaidi ya laki saba. Wote walikula. Sehemu kubwa ya mboga, matunda na mayai waliyokula ilivuka bahari kutoka Tanzania Bara, na mchele mwingi tunaokula sisi wenyewe unatoka nje. Boti isipokuja siku mbili, bei ya nyanya Darajani na Mwanakwerekwe inapanda kabla ya adhuhuri. Wakati huo huo, nusu saa kutoka sokoni, kuna udongo unaoweza kutoa nyanya, bilingani, mchicha na pilipili boga mwaka mzima ukipata maji, na kila siku unapigiwa vigingi. Mwenye hoteli angenunua huko kama angeuziwa kwa uhakika. Hilo nalo ni la Serikali kulipanga, kwa kuwa mkulima mmoja mmoja hawezi kuingia mkataba na hoteli ya vyumba mia mbili.

Kabla ya kumwambia mwananchi, Serikali ianze na yenyewe. Ofisi, vyuo na maghala ya umma vimekuwa vikipelekwa mashambani kwa sababu ardhi ya huko ni rahisi kuitwaa. Jengo la Serikali likifika, barabara ya lami inafuata, umeme unafuata, na dalali anafuata nyuma yao. Ukitoka mjini kwenda Tunguu utaona njia nzima jinsi jengo moja la umma linavyozaa mtaa. Iwekwe sheria kuwa taasisi ya umma haijengi kwenye kinongo wala kwenye bonde la mpunga mpaka ithibitishe mbele ya Baraza la Wawakilishi kuwa pengine pamekosekana.

Na Pemba msiisahau kwa kuwa kelele zake hazifiki Vuga kwenye ofisi za Serikali. Chake Chake, Wete na Mkoani ni miji midogo bado, mikarafuu iko mlangoni pao, na mpaka unaochorwa sasa huko hautamuumiza mtu. Ukichorwa baada ya miaka kumi utapita juu ya nyumba za watu.

Ninachokiomba kitendeke mwaka huu ni hiki. Picha za droni zichukuliwe, ramani ya udongo iwekwe juu yake, na mstari wa awali uchorwe kabla ya kikao kijacho cha bajeti. Ramani hiyo ibandikwe nje ya ofisi ya kila sheha, kubwa, kwa Kiswahili, kila mtu aione eka yake iko upande gani, na wananchi wapewe miezi ya kutosha ya kupinga na kurekebisha. Katika muda huo, mauziano yoyote ya kukata eka nje ya mstari yasitishwe, na sheha asigonge muhuri bila ya barua ya Kamisheni. Wakati Wizara ya Ardhi inapoomba fedha za upimaji, Wizara ya Kilimo iombe fedha za visima vya umwagiliaji, njia za mashambani na mfuko wa kuanzia stakabadhi kwa eka zile zile, katika kifungu kimoja, ili Wajumbe wapitishe yote au wakatae yote. Kisha kila mwaka droni irushwe tena, na Waziri asimame Barazani aseme ni eka ngapi zimepotea tangu mwaka uliopita, wapi, na kwa kibali cha nani.

Wakulima wa Wilaya ya Magharibi A wako tayari kukutana nanyi. Baada ya sala ya Ijumaa wanapatikana wengi, na mkija kwa heshima mtakaribishwa kwa heshima. Mimi mwenyewe nitakuonesheni eka zipi bado ziko nzima, na zipi zimeshapigwa vigingi lakini msingi haujachimbwa, kwa kuwa hizo bado zinaweza kuokolewa.

Wenu katika utumishi,

Bibi shamba mstaafu,
Wilaya ya Magharibi A, Unguja